Umeme wa Mteremko

Baba mkwe wangu tunamwita Injinia, ingawa chuo cha uinjinia alikipita nje tu akienda kazini. Alitengeneza redio za watu miaka arobaini. Mama mkwe alipofariki, alifunga sanduku la vifaa vyake, akalisukuma chini ya kitanda, na kwa miezi minane akawa anakaa sebuleni akitazama ukuta. Ukimuuliza kama atakunywa chai, anasema sawa. Ukimuuliza kama chai imepoa, anasema sawa vilevile.

Kwa hiyo nilipomkuta uani amechuchumaa nyuma ya baiskeli yangu ya umeme, shati limejaa grisi, nilifurahi hadi nikasahau kuuliza anafanya nini.

"Mwanangu, shida yako ya betri imekwisha," alisema. "Sasa utaendesha huku inajichaji."

Kazi yangu ni kupeleka dawa kwa wagonjwa majumbani. Ni nyumba kumi na nne, nne za mwisho ziko juu ya kilima, na betri yangu imezeeka. Injinia alikuwa ametoa mota kwenye mashine ya mazoezi iliyotupwa, akaifunga juu ya gurudumu la nyuma ili iguse tairi. Tairi likizunguka, mota inazunguka nalo, umeme unarudi kwenye betri. Alinieleza mara tatu, na mara zote tatu alitabasamu.

Tatizo ni kwamba ile mota ilikula umeme mwingi kuliko iliouleta. Hata kwenye tambarare nilihisi kama mtu amenishika shati kwa nyuma. Zamani betri ilinifikisha nyumba ya kumi na mbili. Sasa ilizima nyumba ya tisa, nikapanda kilima chote nikiikokota baiskeli. Bibi wa nyumba ya mwisho nilimkuta amekaa mbele ya sahani iliyofunikwa. Ana kisukari, hawezi kula mpaka ajichome kwanza sindano ninayomletea.

"Mwambie baba," nilimwambia mume wangu jikoni.

"Mwambie wewe. Anakupenda kuliko mimi."

"Baba ni wako."

"Baiskeli ni yako."

Ndiye niliyeolewa naye huyo. Lakini hofu yake niliielewa, maana na mimi nilikuwa nayo. Tukimwambia mzee kazi yake haifai, sanduku litarudi chini ya kitanda, naye atarudi kwenye ukuta wake. Basi kila jioni akiuliza, "Inachaji?" nami namjibu, "Inachaji, baba." Ilikuwa nusu ya ukweli, na nusu nyingine nilibaki nayo mwenyewe.

Siku ya nne yule bibi hakunigombeza. Aliniuliza tu kwa upole kama atafute mtu mwingine wa kumletea dawa. Nikaona aibu, nikapiga moyo konde.

"Baba, hebu panda mwenyewe," nilisema nilipofika nyumbani. "Zunguka mtaa mara moja."

Hakuzunguka mtaa. Aliishia kona ya kwanza, akarudi anahema, akakaa kwenye ngazi.

"Umevuta mzigo huu siku ngapi?"

"Nne."

"Na ulikuwa unaniambia inachaji."

"Inachaji kweli, baba. Ila inanimaliza mimi kwanza."

Akageuka akautazama ukuta wa jirani. Moyoni nikasema, haya, nimemuua mzee wa watu. Mara mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia, kumbe anacheka mpaka machozi yanamtoka.

"Miaka arobaini nawafokea wateja kwamba umeme hautoki hewani, leo nakuja kumdanganya mkwe wangu!" Alijifuta macho, akabaki na grisi shavuni. Kisha akalitazama gurudumu kwa muda. "Ukishuka kilima unashika breki?"

"Juu mpaka chini."

"Basi hiyo nguvu tunaitupa bure. Nitafutie waya wa breki."

Hadi chakula kinaiva, alikuwa ameweka kikono kidogo kwenye usukani. Ukikiachia, mota inakaa mbali na tairi. Ukikibana, inaligusa, na hapo inakuzuia badala ya breki huku ikichaji. Mimi nami nikageuza ratiba: kilima kwanza, betri ikiwa na nguvu, tambarare baadaye. Siku iliyofuata bibi alikuwa wa kwanza kabisa, na chakula chake hata hakijapakuliwa. Betri ilizima nyumba ya kumi na tatu, nikamalizia kwa kukanyaga pedali bila taabu.

Injinia alikuwa ananingoja getini. "Mteremko umerudisha taa ngapi?"

Betri ina taa kumi za kuonyesha chaji. Ulimi uliniwasha niseme tatu.

"Moja, baba. Moja tu."

"Ya kweli?"

"Ya kweli."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akaipokea baiskeli mikononi mwangu. "Basi kesho tutaitafuta ya pili," alisema, akaingia nayo uani.

Nilibaki getini nikilia kwa furaha. Tangu tumzike mama, sikuwa nimemsikia mzee yule akiitaja kesho.