Kilo za Mpiga Chapa

Siku moja kila mwezi, saa nne asubuhi kabla wateja hawajajaa, fundi cherehani alimpeleka mumewe kwa muuza nafaka akapimwe. Mzee aliketi juu ya mizani ya magunia, magoti ameyakunja, kofia ameivua isije ikahesabiwa.

"Kumi na mbili na robo," alisoma muuza nafaka. "Mzee, kigunia changu cha mchele kinakuzidi."

"Mchele wako una mawe," alisema mzee. "Mimi nimeshachambuliwa."

Alikuwa mpiga chapa wa serikali. Kwa miaka thelathini na mmoja alichapa vitabu vya bajeti, na siku ya kustaafu alikuwa na kilo sabini na moja. Pensheni yake ilipangwa siku hiyo, haikuguswa tena. Bei ziliguswa. Kila Ofisi ya Takwimu ilipotangaza mfumuko, asilimia iliyotajwa redioni ilitoka kwenye uzito wake, bila homa wala maumivu. Hakukonda. Mashavu yalikuwa yaleyale, suruali ilimkaa vilevile. Daktari alisema ni kawaida ya wastaafu, akamwandikia atembee karibu na ukuta.

Inajulikana kwamba mtu mzima akipungua chini ya kilo kumi, ardhi humwachia. Kwa hiyo fundi alimshonea mumewe koti la mifuko kumi na sita, akaanza kuijaza kokoto. Bajeti mpya ikaweka tozo kwenye kokoto, maana serikali ilikuwa imeona watu wananunua kokoto na hawajengi. Mifuko sita ikabaki mitupu. Mzee alipopungua chini ya kumi hata na koti, fundi alimfunga wakati wa kazi kwa kamba kwenye mguu wa cherehani, naye akawa anaelea usawa wa meza, akimsomea gazeti.

Kisha gavana wa Benki Kuu akaeleza kwamba bei zinapanda kwa sababu wananchi wana fedha nyingi mikononi, hivyo riba itapandishwa ili fedha hizo zirudi benki. Fundi alisikiliza huku akiitazama mikono yake. Cherehani alikuwa ameinunua kwa mkopo. Rejesho la mwezi uliofuata lilimshinda, na wa pili pia, na wa tatu walikuja vijana wawili wa benki. Walikuwa na adabu. Walimfungua mzee kwanza, wakamfunga kwenye nondo ya dirisha, wakamuuliza kama kamba inambana.

"Hainibani, wanangu. Chukueni chombo chenu."

Fundi akaanza kushona kwa mkono. Sasa nyumba nzima ilitegemea pensheni, na hapo ndipo tangazo la uhakiki lilipotoka: kila mstaafu afike mwenyewe, aweke dole gumba kwenye mashine. Asiyefika, malipo yake yatasitishwa.

Kwenye ukumbi wa uhakiki palikuwa na foleni mbili. Ya chini ilikuwa ya jamaa walioshika kamba, ya juu ilikuwa ya wastaafu wenyewe, wakisalimiana chini ya dari. Feni zilikuwa zimezimwa kwa ajili yao.

"Avue koti, mama," alisema karani. "Tunahakiki mtu, hatuhakiki kokoto."

Fundi akamvua, akamshika kiuno, akamteremshia mkono hadi mezani.

"Bonyeza, mzee."

"Nimebonyeza."

"Mashine haijakusikia. Kaza."

Mzee alikaza, miguu ikainuka. Taa ikabaki nyekundu. Ndipo fundi akaweka dole lake juu ya la mumewe, akakandamiza kama anavyokandamiza pindo la nguo nzito.

"Sasa imesoma watu wawili," alisema karani. "Huo ni udanganyifu." Akaandika: *Hakufika.*

"Si huyu hapa?"

"Mimi namwona, mama. Mashine ndiyo haijamwona. Pensheni itasimama mpaka imwone."

Redio iliyokuwa mezani ikatangaza kwamba mfumuko wa bei umeshuka, kutoka asilimia tisa hadi nne. Waziri alishukuru kwa uvumilivu wa wananchi. Foleni zote mbili ziligeukia redio.

"Kwa hiyo atashuka?" aliuliza fundi.

Karani alikuwa amesoma uchumi miaka mitatu, na ni wachache waliowahi kumuuliza chochote. "Hapana, mama," alisema kwa upole. "Mfumuko ukishuka, bei hazishuki. Zinapanda polepole, basi."

"Kweli hiyo," alisema mzee kutoka juu. "Niliichapa mwenyewe. Ukurasa wa kumi na nne."

Koti lilibaki kwa karani, kwani kokoto hazikuwa na stakabadhi ya tozo. Fundi akatoka na mumewe kwenye kamba. Barabarani hapakuwa na upepo, lakini kamba ilikuwa nyembamba, na kufikia kona ya kwanza ilikuwa imemchana vidole viwili.

"Bibie, achia."

"Dawa ya presha umekunywa?"

"Nimekunywa. Achia, vidole ndiyo cherehani uliyobaki nayo."

Hakuachia. Mzee aliinama, akafungua fundo kiunoni mwake kwa utulivu wa mtu anayefungua viatu. Wapita njia walimpisha. Fundi alisimama akiikunja kamba, kwa sababu ilikuwa ya kuazima, na kumtazama. Mzee alipanda polepole, kama ilivyotangazwa.