Sauti Zilizobaki Mdomoni

Kabla ya kukatwa ulimi, Kipaza alikuwa mtangazaji wa mpira redioni. Jina hilo alipewa kazini, likamfuata mpaka nyumbani, hata mkewe akawa analitumia siku za hasira. Alikuwa na mdomo wa kumtoa nyoka pangoni. Mechi mbovu kabisa, timu mbili zinabutua tu mpira huku na huku, ukiisikiliza kwake unaapa ni fainali.

Kansa ilianza kama kidonda pembeni mwa ulimi. Alikipuuza, akakisukutua kwa maji ya chumvi, akakitungia utani. Alipokwenda hospitali, madaktari walimwambia kuna njia moja tu. Walitoa ulimi karibu wote, wakamwachia kipande cha nyuma kisichofika popote.

Siku bandeji zilipofunguliwa alitaka kumsalimu muuguzi kwa ile salamu yake ya kufungulia matangazo. Muuguzi alimwangalia kwa huruma, akachukua bakuli na kulisogeza kidevuni.

"Tapika tu, baba, usione aibu."

Kipaza akafumba mdomo. Alirudi nyumbani hivyo hivyo.

Mkewe, fundi cherehani aliyeshonea pale pale sebuleni, alimnunulia kibao cheupe na kalamu ya wino unaofutika. Kipaza alikitumia siku chache, tena kwa kununa, kama mtoto aliyepewa adhabu ya kuandika. Kisha asubuhi moja aliandika kwa herufi kubwa, SIANDIKI TENA, akakigeuza kifudifudi na kukisukuma uvunguni. Mkewe alicheka mpaka akalazimika kushika meza. Halafu kicheko kikamgeukia kilio, akatoka kwenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Binti yao wa mwisho, ambaye wote walimwita Kitinda, alikuwa mwalimu wa chuo. Somo lake lilikuwa sauti za lugha: zinavyotengenezwa kinywani, zinavyopishana, zinavyopotea. Zamani baba yake hakuchoka kumtania. "Yaani unalipwa kuwafundisha watu wazima kusema a, e, i?" Sasa Kitinda aliporudi kazini jioni alimkuta baba amekaa kitandani anatazama ukuta, na mama anaongea peke yake kwa watu wawili.

Jumamosi moja aliingia chumbani na kioo kidogo cha kupakia wanja.

"Baba, nataka tuhesabu kilichobaki."

Kipaza alitikisa kichwa.

"Sikuombi uongee. Nipe sauti tu. Moja moja. Sema ba."

Alimtegea kioo puani na vidole kooni. Kipaza alivuta pumzi kwa uchovu, akasema. Ilitoka ba safi kabisa. Wote wawili walishtuka. Pa ikatoka. Ma ikatoka, na kioo kikaingia ukungu, kwa sababu m pumzi yake hupitia puani. Wa, fa, ha. Zile zinazotaka ncha ya ulimi, ta, la, sa na ile na, zilikuwa zimekwenda na ulimi wenyewe. Ka na ga zilisikika kama mtu aliyekwamwa na mwiba. I na e zilikuwa zimechanganyika zikawa kitu kimoja. Lakini a, o na u, kwa kuwa midomo ilifanya kazi kubwa, zilisimama.

"Midomo yako ni mizima," alisema Kitinda. "Tatizo ni kwamba Kiswahili kinataka ulimi. Basi tutafute lugha isiyotaka."

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kitinda aliweka sharti moja: maneno ya muhimu yawe mafupi, na yatofautiane sana kwa sauti, ili hata Kipaza akiwa na usingizi au mate mengi yasigongane. Wa ilikuwa ndiyo, fa ilikuwa hapana. Sauti zilikuwa chache mno, maneno yakaanza kufanana upesi, ndipo Kitinda alipokumbuka kazi ya baba yake. Kupandisha na kushusha sauti. Hilo hakuna kisu kilichoweza kuligusa. Bo ya chini ikawa mpira, bo ya juu ikawa mlango, bo inayopanda kama mpira unaokaribia goli ikawa njoo haraka.

Kipaza hakuwa mwanafunzi mtulivu. Kitinda alipopendekeza pupu iwe maji, mzee alimkazia macho, akashika tumbo, akacheka kicheko cha kwanza tangu hospitali. Maji yakapewa neno jingine. Maumivu yakawa bowa. Neno la mkewe alilichagua mwenyewe, akalitamka polepole akitazama mlango wa sebuleni: mowa.

"Hilo liko karibu mno na bowa," Kitinda alimwonya. "Linatofautiana mwanzoni tu."

"Fa," alisema Kipaza. Hapana. Akaonyesha kidole sebuleni, akarudia bowa, akarudia mowa, akainua mabega, kana kwamba anasema mtu aliyeoa hahitaji kuelezwa zaidi. Kitinda akacheka, akaacha.

Wiki zilipopita nyumba ilijaa maneno hayo. Mechi ilipoonyeshwa kwenye televisheni, Kipaza alizima sauti na kutangaza mwenyewe, bo na wawa na fafa zikipanda na kushuka, na fundi baiskeli wa jirani akahamia pale na kiti chake. Hakuelewa hata neno. "Lakini najua mpira uko wapi," alisema.

Mama peke yake hakutaka kujifunza. Walipokuwa wakiongea, mguu wake ulikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi. Siku moja Kitinda alimwuliza sababu.

"Unataka niseme?" Mama alikata uzi kwa meno. "Nimelea watoto. Baba, bobo, mama, mama. Najua hizo sauti ni za nani. Mume wangu alikuwa anasimamisha mji kwa mdomo wake, nyinyi mmemrudisha kwenye titi."

Kitinda alikuwa amefundisha kwa miaka kwamba sauti za midomo ndizo mtoto mchanga huanza nazo, na hata siku moja hakuwa ameliona hilo ndani ya chumba cha baba yake.

"Mimi nimemwelewa mtu huyu maisha yangu yote," mama aliendelea, sauti ikishuka. "Leo natafsiriwa na mwanangu."

Kansa ikarudi. Safari hii ilishika kaakaa, na kabla daktari hajamaliza kueleza picha, Kitinda alikuwa ameshaelewa. Hakukuwa na upasuaji tena. Daktari aliwapa chupa ya dawa ya maji, kali, ya maumivu.

"Mpeni akiomba," alisema. "Asipoomba msimlazimishe, inalevya sana."

Tundu lilipofunguka kwenye kaakaa, pumzi yote ikawa inakimbilia puani. Ili useme b au p lazima uibane pumzi nyuma ya midomo, na Kipaza hakuwa na mahali pa kuibana. Kila b ikageuka m, na kila p vilevile. Kitinda alimtegea kioo, kikaingia ukungu kwa kila neno. Alichora upya lugha nzima kwa sauti za m, w na h, kwa kurefusha na kupandisha. Maumivu yakawa hoho, ya pili ikipanda. Alimfundisha baba yake jioni baada ya jioni, na Kipaza, macho yakiwa mazito, alirudia kila kitu vizuri. Asubuhi Kitinda alikwenda chuoni akiwa na matumaini.

Muhula ule ulikuwa wa mitihani, akawa anarudi amechelewa. Lakini alianza kumkuta mama amebadilika. Cherehani limefunikwa kitambaa. Mama amevaa nguo ya kutokea, amekaa kitandani pembeni ya mumewe, mkono wa mzee ndani ya mikono yake.

"Ameniita tena leo," alisema kabla Kitinda hajavua viatu. "Mara chungu nzima. Mowa, mowa. Nikienda jikoni tu, mowa! Nikamwambia, wewe mzee, tangu lini umekuwa na deko hivi?"

"Umejifunza neno, mama."

"Hilo moja linanitosha."

Kitinda alifurahi. Aliitazama chupa ya dawa juu ya kabati, akaona haijapungua, akafurahi zaidi. Alimpigia kaka yake, aliyefanya kazi mji mwingine, kumwambia kwamba baba anaendelea vizuri, maumivu yametulia.

Mitihani ilipokwisha alibaki nyumbani. Asubuhi ya kwanza alikuwa anaosha vyombo aliposikia lile neno likitoka chumbani. Mama alimpita mbio akijifuta mikono kwenye kanga, uso umechangamka.

"Umesikia? Nakuja, baba watoto, nakuja!"

Kitinda alimfuata, akasimama mlangoni. Mama alikuwa ameshakaa, anasimulia habari za mteja aliyeleta gauni la kupunguzwa huku mwenyewe anazidi kunenepa. Kipaza alikuwa anamtazama. Mdomo wake ulikuwa unatabasamu, au unajaribu. Lakini miguu yake chini ya shuka ilikuwa imekunjwa mpaka tumboni, na mkono ambao mama hakuushika ulikuwa umelikamata godoro kiasi kwamba kucha zimekuwa nyeupe.

"Mowa," alisema.

"Niko hapa, mume wangu, siendi kokote."

Kitinda akajiona siku ile akimwambia baba yake kwamba mowa liko karibu mno na bowa. Lile neno jipya, hoho, lilikuwa limepotea katika homa na usingizi. Mzee alikuwa amerudi kwenye neno lake la zamani, neno alilojifunza alipokuwa bado na nguvu za kujifunza, na mdomo wake haukuweza tena kulianza. Alikuwa anasema bowa. Alikuwa anaomba dawa.

Alikwenda kabatini. Aliifungua chupa kwa haraka, akamwaga kidogo sakafuni. Mama akakatiza hadithi.

"Unafanya nini? Hajaomba."

Kitinda aliinua kichwa cha baba yake, akamnywesha kwa kijiko, taratibu, na Kipaza alimeza kwa pupa kama mtu aliyetoka jangwani. Baada ya muda miguu ikanyooka. Mkono ukaachia godoro.

Angeweza kusema uongo. Alilifikiria hilo pale pale. Lakini wiki iliyofuata angerudi kazini, na mama ndiye angekuwa peke yake na mgonjwa mchana kutwa. Akamwita sebuleni, akafunga mlango, akamweleza. Alieleza vibaya, kwa maneno ya darasani, pumzi, kaakaa, midomo, mpaka mama akamkatiza.

"Kwa kifupi."

"Alikuwa anasema inauma, mama."

"Kila mara?"

"Sijui. Maneno yote mawili sasa ni sauti moja. Hakuna awezaye kujua."

Mama aliketi kwenye kiti cha cherehani. Alianza kukanyaga, sindano ikapanda na kushuka bila uzi wala kitambaa.

"Yaani mimi nimekaa pale napiga soga," alisema, "mwenzangu anaungua."

"Mama, kosa ni langu. Mimi ndiye niliyetengeneza."

"Nimesikia."

Tangu siku hiyo chupa ilikaa mfukoni mwa mama. Hakungoja kuombwa. Alijifunza kusoma miguu na mikono ya mumewe, na utando wa jasho juu ya mdomo wake, na hakukosea. Lakini aliacha hadithi. Aliingia, akampa dawa, akampangusa, akatoka.

Mchana mmoja, dawa ikiwa imekolea na Kipaza ametulia, Kitinda alimwinamia.

"Baba, kwa nini hukumzuia? Ungetikisa kichwa tu."

Kipaza akajikusanya na kutoa maneno mawili, akiyatenga vizuri kama mtu anayetangaza majina ya wachezaji. Mowa. Haa, ya kushuka. Haa ilikuwa furaha. Akageuza macho mlangoni, ambako mama alikuwa amepita.

Alikufa mvua zilipoanza, akiwa na mkewe na binti yake. Wiki ya mwisho hakutoa sauti yoyote ila mvumo mdogo wa puani, usio na maana katika lugha yoyote waliyowahi kuijua.

Baada ya mazishi, waombolezaji walipokwisha kutawanyika na kaka kurudi kwake, mama alimkuta Kitinda akikunja shuka.

"Nikuulize, na usinifiche. Aliwahi kueleza kwa nini aliniacha nikae tu?"

Kitinda alishika shuka kifuani. "Alisema ulikuwa na furaha."

Mama alichukua pembe mbili za shuka, akazikutanisha na zile alizoshika binti yake, wakakunja pamoja, mara moja, na tena.

"Bora ungenificha," alisema.

Aliibeba ile shuka, akaenda kuiweka kabatini.