Wageni wa Moos

Hiltje alimfanyia mbwa wake Moos sherehe ya kuzaliwa, na sisi majirani tukaenda, maana hapa kijijini kwetu Friesland, Uholanzi, ukialikwa usiende utasemwa mpaka Pasaka. Tukaketi bustanini kwa duara, vikombe vya kahawa mkononi, kila mtu na mbwa wake wa nasaba miguuni.

Msicheke. Hiltje alikuwa na hofu ya kweli. Moos alikuwa amesusa chakula kwa siku kadhaa, mbavu zimemtoka, na daktari wa mifugo hakuona ugonjwa wowote.

"Ni upweke tu," Hiltje akatuambia. "Anahitaji marafiki wa maana."

Rafiki alikuwa naye. Knoest, jibwa la jirani yake Sjoerd, lenye sikio moja na harufu ya mtaro. Walikuwa chanda na pete kupitia tundu la ua wa michongoma, mpaka Hiltje alipoliziba kwa seng'enge. Knoest, kwa maneno ya Hiltje, hakulelewa.

Keki ya maini ikaletwa, Moos akawekewa kipande cha kwanza. Akakiinua kwa meno, nasi tukapiga makofi. Akatupita wote, akakiweka chini kwenye seng'enge, akajilaza.

"Jamani, si ale!" Hiltje akalia.

Pua yenye matope ikatokea upande wa pili. Hapo ndipo Moos alipoanza kula, taratibu, macho kwa mwenzake.

Niliikodolea macho kahawa yangu. Ningemtazama Hiltje ningecheka, au ningelia.

Hiltje akainuka na gauni lake la hariri, akaing'oa ile seng'enge kwa mikono. Knoest akaingia moja kwa moja juu ya maua yake. Mbwa wakafukuzana, viti vikaanguka, wageni wakashika sahani zao juu.

"Kipenda roho, Hiltje," Sjoerd akasema akichungulia juu ya ua, "hula nyama mbichi."

"Nyamaza, mzee wewe!" Alikuwa akifuta machozi kwa kiganja. "Miaka yote hii nalala naye chumba kimoja. Nilidhani rafiki yake ni mimi."

"Wewe ni mama yake. Tangu lini mtoto akamtuma mama amtafutie marafiki?"

Hiltje alimwita Moos mara moja, kwa sauti ndogo, na Moos hakugeuka. Basi akaanza kuokota viti, akavisogeza nyuma mpaka ukutani, mbwa wapate nafasi ya kukimbia.