Kishada cha Manjano

Kwa miaka ishirini na sita, hakuna prizimu iliyotoka katika kile kiwanda kidogo cha mji wa Fuzhou bila kupita mbele ya jicho la kulia la Fundi Zheng Ruizhu. Mashine ya kupimia ilikuwapo, tena ya bei mbaya, lakini ilisubiri zamu yake. Alichokubali Ruizhu ndicho kilichopelekwa mashineni. Alichokataa kiliwekwa kwenye sahani nyekundu, na aliyekitengeneza akaitwa.

Kazi yao ilikuwa ya kalisaiti, jiwe angavu kama maji. Ukiliweka juu ya nukta moja unaona nukta mbili, maana mwanga ukiingia humo lazima ugawanyike. Mafundi hulikata mshazari na kuunganisha mapande mawili, ndiyo prizimu yenyewe, ili mwanga mmoja utupwe kando na mwingine upite ukitikisika upande mmoja tu. Watu wengi hawawezi kuutofautisha mwanga wa namna hiyo na mwingine wowote. Ruizhu aliweza. Akitazama karatasi nyeupe kupitia prizimu njema, katikati kabisa palitokea kishada hafifu cha manjano, kama kifagio kidogo, na akiizungusha prizimu, nacho kikazunguka. Wateja kutoka mbali waliletwa kumtazama akifanya hivyo, naye, tuseme ukweli, alipenda sana kutazamwa.

Masika yale kishada kikakosekana. Kilitafutwa kwenye prizimu kubwa tu, nazo zote zilikuwa kazi ya Chen Meiqin, ambaye Ruizhu mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi miaka kumi na minane nyuma.

"Meiqin, hii pembe umeikata umelala?"

"Nimeipima mara tatu, fundi."

"Basi umelala mara tatu. Au unawaza harusi ya mwanao?"

Wenzao wakacheka. Meiqin akainamisha kichwa. "Nitarudia, fundi."

Alirudia. Sahani ya pili ikakataliwa, na ya tatu. Meneja Weng, mtu asiye na maneno mengi, akamtoa Meiqin kwenye meza ya kung'arishia na kumpeleka chumba cha kuoshea. Mikono iliyoweza kulisugua jiwe lile laini bila kuacha mkwaruzo hata mmoja ikawa inafuta vioo kwa spiriti kutwa nzima, pamoja na vibarua wa juzi. Ruizhu aliona uchungu, lakini alijiambia kwamba kazi ni kazi.

Aliyekalia kiti cha Meiqin alikuwa Ke Shaobo, fundi mzoefu kutoka kiwanda jirani. Prizimu yake ya kwanza haikuwa na kishada. Ya pili vilevile. Ruizhu akafungua kabati na kutoa prizimu ya mfano, ile waliyoitumia miaka yote kupimia nyingine. Akaitazama. Karatasi ilikuwa nyeupe tupu, na katikati yake palikuwa na kivuli, kama mtu ameweka kidole kichafu.

Akafumba jicho la kulia, akatazama kwa la kushoto. Kishada kikatokea, cha manjano, wazi kabisa.

Hakuliogopea jicho kwanza. Alichokiona mbele yake ni Meiqin ameinamisha kichwa, na wenzake wanacheka.

Alikwenda chumba cha kuoshea, akasema mbele ya wote, kwa sauti ya kusikika, "Prizimu za Meiqin zilikuwa nzima. Mbovu ni jicho langu. Nimemwonea."

Vibarua wakaacha kuosha. Meiqin hakushangaa. Alijipangusa mikono polepole, na Ruizhu akaelewa.

"Ulijua."

"Nilizipitisha kwenye mashine, fundi, wakati wa chakula. Zilikuwa sawa."

"Ukanyamaza? Umekubali kutupwa huku kama sufuria mbovu, ukanyamaza?"

"Ningesemaje? Nimwambie Weng kwamba fundi wangu haoni? Wangekurudisha nyumbani siku ileile."

"Mjinga wewe," Ruizhu akasema. "Mjinga mkubwa."

Jioni hiyohiyo walikwenda hospitali pamoja. Daktari, msichana mwenye umri wa kuwa mjukuu wake, alimtia matone, akamulika ndani ya jicho, akakaa kitako. Alisema kuna mishipa inayovuja damu nyuma ya jicho, pale penye uoni mkali zaidi. Kuna sindano. La kushoto litalindwa.

"Na hili la kulia?" Ruizhu akauliza.

"Inategemea, bibi. Ugonjwa huu ukiwahiwa mwanzoni, tunaokoa mengi. Ulianza lini?"

"Kama wiki tatu hivi."

Meiqin alikuwa amesimama mlangoni, ameshika miavuli yao miwili. 

"Wiki kumi na moja, daktari. Alianza kuzikataa nzima moja moja. Zile za mwanzo nilizirudisha mimi kwa siri, kwenye sahani ya zilizokubaliwa."

Daktari aliweka kalamu chini. Alimtazama Meiqin, kisha Ruizhu. Meiqin akaanza kulia, kilio cha mtu mzima asiyejua aufiche wapi uso.

Ruizhu alinyoosha mkono hewani, akaukosa mkono wa mwenzake, akaunyoosha tena mpaka akaupata. Ulikuwa umekauka na kupasuka kwa spiriti.

"Kesho rudi mezani kwako," akasema. "Na ukiniona nimekosea, mwanangu, nipigie kelele."