Siku Stumai Alipoacha Kutetemeka

Bi Cornelia hakuificha chuki yake. Alitaka mwanawe Lazaro aoe binti wa parokiani, aliyezoea upepo wa baridi wa milima ya Ufipa tangu mgongoni mwa mama yake. Lazaro akaenda Kabwe kununua samaki, akarudi na Stumai, Mwislamu wa ziwani, wakafunga ndoa ya bomani.

"Huyu kipupwe kitamrudisha kwao," Bi Cornelia alisema, na Stumai anasikia.

Jikoni hapakukosekana sufuria ya maji ya moto, lakini Stumai alikatazwa kuyagusa. Maji ya moto, aliambiwa, ni ya wazee na wagonjwa. Alifua kijitoni, bondeni, wakati nyasi bado zimelowa umande wa baridi. Vidole vilikufa ganzi, na alipotoka majini viliuma kana kwamba vimepondwa kwa nyundo. Alitetemeka hadi meno yakagongana. Wifi yake, Mariana, alikuwa akimwigiza mbele ya majirani, nao wakicheka.

Kipupwe cha pili kilimkuta Stumai amekuwa mtu mwingine. Vidole vilikufa ganzi kidogo tu, kisha joto likarudi lenyewe, mikono ingali majini. Kutetemeka kulichelewa, halafu kukakoma kabisa. Stumai alimweleza Stefania, nesi wa zahanati, akidhani atapongezwa.

"Mwili umezoea," Stefania alimwambia. "Lakini usidanganyike, dada. Hujaota manyoya. Baridi inaingia vilevile, ila mwili umeacha kupiga kelele."

Stumai alilichukua lile neno la kwanza, la pili akaliacha palepale zahanati. Siku Mariana alipomwigiza tena, alimjibu, "Igiza kingine, wifi. Baridi yenu hainitetemeshi siku hizi."

Maneno yakamfikia Bi Cornelia.

Baada ya misa ya kumkumbuka marehemu baba mkwe, wageni waliondoka na kuacha rundo la mablanketi waliyojifunika, la marehemu mwenyewe likiwamo. Asubuhi hiyo manyunyu yalikuwa yakianguka na upepo ukivuma kwa hasira.

"Yafuliwe yote leo," Bi Cornelia alisema.

"Mama, tungengoja jua kidogo."

"Jua la nini? Si wewe hutetemeki?"

Stumai angeweza kukataa. Kiburi kikamzuia. Akajitwisha rundo, akashuka.

Alisimama majini, maji yakimfika magotini, akafua. Hakutetemeka, na hilo likamfurahisha. Baadaye vidole vikashindwa kukamua. Blanketi moja likamponyoka, likaenda na maji. Akalitazama likienda na wala hakujali. Alichotaka ni kukaa tu. Usingizi mtamu ulikuwa ukimjia.

Mariana alitumwa kuangalia kama anazembea. "Umelala, malkia wa ziwani?"

Stumai akajibu, lakini maneno yalitoka yamevimba kama ya mlevi. Mariana akacheka. Kisha akaiona ile midomo, imekuwa ya kijivu, na kicheko kikakatika. Aliingia majini na viatu vyake, akamvuta huku akimtukana, akamvua nguo zilizolowa, akamfunga kitenge chake na koti lake, akamkokota hadi nyumbani.

Bi Cornelia alikuwa mlangoni. "Blanketi la marehemu liko wapi?"

"Mama, mtu anakufa!"

"Anakufa na nini? Mwenye baridi hutetemeka. Huyu hatetemeki hata kidogo."

Stumai aliyasikia hayo kwa mbali, na maneno ya Stefania yakamrudia. Alitaka kuyasema, ulimi ukagoma.

Mariana akampita mama yake kwa bega. Alimlaza karibu na moto, akamfunika kwa kila kitu kikavu alichokipata, na alipoweza kumeza akamnywesha uji wa ulezi kidogo kidogo. Mwishowe mwili wa Stumai ukaanza kutetemeka, kwa nguvu, hadi Mariana akalazimika kumshikilia. "Tetemeka," alimwambia kwa ukali, machozi yakimtoka. "Tetemeka, mwanamke wewe!"

Lazaro alirudi kutoka mjini jioni. Alisikiliza, akakuna kichwa. "Mama alikuwa anakufundisha tu. Ili uzoee."

"Nimezoea, Lazaro," Stumai alisema. "Ndiyo maana nilikuwa nakufa na sijui. Nijengee jiko langu, au unipandishe gari la Kabwe."

Lazaro alimtazama mama yake. Bi Cornelia alikuwa akichochea moto kama mtu aliye peke yake. Hakusema pole, wala hajaisema hata leo.

Jiko lilijengwa ng'ambo ya ua, na Stumai hubandika maji yake kila asubuhi kabla ya kitu kingine chochote. Akimwamkia mkwewe shikamoo, hujibiwa kwa nusu mdomo. Mariana hakugeuka rafiki. Ila upepo ukizidi huvuka ua, akaketi kwenye kigoda cha Stumai bila kukaribishwa, akanyoosha mikono motoni. Stumai humsogezea kikombe, na hakuna anayemwambia mwenzake asante.