Nyayo za Mguu Mzima

Nilizaliwa na nyonga iliyoteguka. Kichwa cha paja langu la kushoto hakikukaa kwenye tundu lake, kikapanda juu, mguu ukawa mfupi. Nilitembea kwa vidole nikiuburuta. Kwetu watu husoma nyayo kuliko wanavyosoma sura, na zangu hata watoto walizijua: vidole bila kisigino, na mchirizi mchangani. "Kinsi amepita hapa," walisema wakicheka. Nilicheka nao, lakini moyoni nilichukia.

Mwaka 1966, vita vya shifta vikiwa vimepamba moto, daktari mmoja wa Garissa alinipakia kwenye lori la kwenda Nairobi. Huko walikirudisha kichwa cha paja mahali pake, kisha wakakata kipande cha mfupa kwenye ukingo wa nyonga yangu mwenyewe na kukipandikiza juu ya tundu, kiwe paa la kulizuia paja lisitoroke tena. Nililala ndani ya plasta miezi mingi, nikijikuna kwa kijiti.

"Mfupa huu unashika polepole," daktari alinionya. "Usiulazimishe mguu."

Siku kisigino kilipogusa sakafu nililia. Nilitaka kitu kimoja tu: hooyo, mama yangu, anione nikitembea. Nilimwacha akikohoa damu, nikajua hana muda mrefu.

Niliporudi, watu wetu walikuwa wamesukumwa ndani ya kijiji kilichozungushiwa seng'enge. Shangazi yangu Abshiro alininong'oneza kwamba kaka yangu Dekow alikataa kuingia. Alimpandisha mama juu ya ngamia wakapotelea porini, upande wa Modogashe. Siku zile aliyekutwa porini alihesabiwa shifta, yaani mwasi, na wanajeshi walikuwa na wasoma nyayo wao wa kuwatangulia.

"Watanywesha ngamia kwenye kile kisima chetu cha zamani," Abshiro alisema. "Mama yako hatakubali kwenda mbali nacho."

Nikatoroka. Nilifika kisimani jioni, peku, nikanywa, nikalala kichakani kwa uchovu. Asubuhi niliziona nyayo za Dekow; nazijua kwa kisigino chake kilichopasuka. Zilionyesha kwamba alikuja usiku na ngamia, akachuchumaa juu ya nyayo zangu, akazigusa. Kisha akageuka mbio bila kumnywesha ngamia hata mmoja.

Nilizifuata mpaka kambini kwao. Majivu yalikuwa bado moto, na miti ya aqal, nyumba yetu, imeachwa imesimama. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Ndugu gani huyu anayemkimbia dada yake! Nikaenda nyuma yao kutwa nzima, wao wakazidi kukimbia. Mahali fulani nikakuta alama kwamba Dekow alizunguka nyuma kukagua nyayo zangu tena, halafu akaondoka kwa kasi zaidi.

Hapo ndipo nilipogeuka kuzitazama mwenyewe. Visigino viwili, hatua sawasawa. Sikumwona Kinsi hata mimi. Niliona mtu mwenye miguu mizima, asiyechoka, kama msoma nyayo wa wanajeshi anayewafuata watu wangu.

Nikalikumbuka onyo la daktari, na nikalidharau. Nilikaza nyonga, nikainua kisigino, nikaanza kuuburuta mguu kama zamani. Maumivu yalipanda mpaka menoni. Mbele kidogo kitu kikakatika ndani, nikakisikia kabisa, na mguu ukalegea. Niliendelea kuburuta hadi nikaanguka.

Dekow alitokea vichakani jua likielekea kuzama, bunduki mkononi, akiufuata mchirizi wangu. Aliponiona aliiacha ikaanguka.

"Abaayo! Dada yangu! Wallahi, ni wewe?"

"Hooyo yuko wapi?"

Alikaa chini. Alichukua mchanga, akaumwaga.

"Nimemzika alasiri hii. Aliniomba nimshushe apumzike, nikakataa. Nilisema kuna mtu nyuma yetu. Amefia juu ya ngamia."

Nilimpiga kofi, kisha nikamshika shingoni tukalia wote wawili.

"Kule kambini alinisihi tungoje," alisema. "Alisema, Kinsi atapita hapa. Nikamwambia, hooyo, nimeangalia vizuri. Aliyepita kisimani hachechemei."

Akaninyanyua, akaniongoza kaburini. Nilikwenda nikiuburuta mguu, na safari hiyo sikuwa ninaigiza.