Nondo za Kungojea

Swali la saba la mtihani lilikuwa na majibu manne, na lililohesabiwa kuwa sahihi halikuwa kweli. Evanthia Karvouni alilisoma mara mbili, kisha akaiweka kalamu chini.

Ukumbi ulikuwa chini ya hoteli ya Pandelis Gourzis, mkabala na bandari. Wahandisi wa ofisi za ujenzi za mkoa mzima walikuwa wamekusanyika humo tangu jana kwa semina ambayo kila mkaguzi wa majengo hulazimika kuihudhuria kabla cheti chake hakijaisha. Cha Evanthia kilikuwa kinaisha mwisho wa mwezi. Aliyeshindwa mtihani hakufukuzwa kazi; alihamishiwa chumba cha kumbukumbu kupanga mafaili mpaka semina nyingine iandaliwe, na zilikuwa zinapita miaka kati ya semina moja na nyingine. Evanthia alikuwa mkaguzi wa mji huu tangu ujana wake. Hakuwa na hamu ya mafaili.

Swali lilihusu walichokiona asubuhi. Mkufunzi wao, Dakta Meletiou, aliwapandisha kwenye paa, ambako Gourzis alikuwa anaongeza ghorofa ya tano. Nondo za nguzo zilikuwa zimechomoza kwenye slabu tangu hoteli ilipojengwa. Hakuna nyumba mjini humo isiyo nazo. Baba akimaliza ghorofa yake huziacha zimesimama juu, zikimngojea binti aolewe ajengewe ya kwake, na ndiyo maana huitwa nondo za kungojea. Watu huzivisha chupa tupu za maji ili mvua isiingie, na mvua huingia. Evanthia naye aliachiwa zake. Wiki aliyopata leseni ya uhandisi alipanda na mashine ya kukatia chuma akazikata zote, na baba yake hakusema naye tangu Pasaka hadi sikukuu ya Bikira Maria ya Agosti.

Za Gourzis zilikuwa zimepata mateso zaidi. Alipoweka meza juu ya paa ili wageni wake wanywe uzo wakiangalia bahari, zilimkera, akazilaza kwa nyundo. Sasa alikuwa amezinyoosha tena. Wenzake walipokuwa wakipiga picha, Evanthia alipiga goti, akaibana moja kwa kalipa, kifaa chake cha kupimia unene. Ilikuwa nondo ya milimita kumi na nane. Pale ilipokunjwa kutu ilikuwa imeila, zikabaki kumi na tatu, na kwenye mkunjo kulikuwa na ufa unaopitisha ukucha. Ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Upande mwingine wa paa mbao za nguzo zilikuwa zimeshafungwa, na lori la zege lilitarajiwa kesho.

Mtihani uliiita hali hiyo kutu ya juu juu, ukauliza hatua ya kuchukua. Meletiou alikuwa ameshawatajia jibu: B, kusugua kwa brashi ya waya, kisha kumwaga zege. Swali hilo peke yake lilibeba nusu ya alama zote.

"Weka B, dada," alinong'ona Zisis Manolas, mhandisi mwenzake wa ofisini, aliyekaa kando yake. "B ya brashi. Twende tukale pweza."

"Umezipima?"

"Nimepima tumbo langu. Limeliwa kuliko hizo nondo."

Evanthia alisimama. "Dakta, swali la saba halina jibu."

"Lina manne, Bi Karvouni. Jichagulie." Baadhi ya watu walicheka.

"Kutu ya juu juu haili milimita tano. Na chuma kilichokunjwa, kikanyooshwa, kikapasuka, hakisuguliwi. Kinakatwa."

Meletiou alivua miwani. "Hili ni zoezi. Bwana Gourzis ametukarimu ukumbi, chakula, hata paa la kujifunzia. Hatukuja kumkagua."

"Sasa tumekuja kujifunza nini?"

"Kupiga tiki," alisema Zisis kwa sauti ya chini.

Gourzis mwenyewe alikuwa amesimama nyuma, kwenye meza ya kahawa. Alikuja mbele taratibu, kikombe mkononi. "Evanthia, mwanangu, hizo nondo alizifunga baba yako kwa mikono yake. Tulimwaga slabu ile pamoja, mimi na yeye."

"Alizifunga vizuri. Aliyezilaza ni wewe, mzee."

"Paa zote za mji huu zina nondo kama hizo. Utaufunga mji mzima?"

"Leo nina paa moja."

Akaketi. Chini ya majibu manne akaandika la tano, kwa herufi kubwa: E, SIMAMISHA UJENZI. Akaongeza vipimo vya nondo zote mbili, akampelekea Meletiou karatasi.

"E haimo," alisema Meletiou.

"Nimeona."

"Kwa hili umeshindwa. Nitaandika hivyo."

"Andika, Dakta. Na tarehe usiisahau. Cheti changu ni hai mpaka mwisho wa mwezi, nataka ijulikane kuwa leo nilikuwa bado mkaguzi."

Alichukua mkoba wake, akapanda ngazi. Hakukimbia. Juu ya paa alitoa amri ya kusimamisha ujenzi, karatasi nyekundu ambayo hakuwahi kutembea bila kuwa nayo, akaijaza akiiegemeza kwenye mbao za nguzo. Gourzis alifika akihema.

"Bandika. Ukishuka tu, naibandua."

"Kuibandua ni kesi ya jinai. Hii hapa ni kesi ya ofisini tu. Chagua mwenyewe."

"Hiyo inataka sahihi za wahandisi wawili. Unadhani sijui? Nimejenga kabla hujazaliwa." Akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Na watakutupa kwenye mafaili, ukae huko mpaka nywele ziwe nyeupe."

"Zimeshaanza. Na faili la kwanza nitakalolipanga ni lako."

Kuhusu sahihi Gourzis alisema kweli. Mstari wa kwanza ulikuwa na jina la Evanthia. Wa pili ulikuwa mtupu. Aliibandika hata hivyo, kona moja baada ya nyingine, akiukandamiza utepe kwa kidole gumba dhidi ya upepo. Kisha akasimama kando yake.

Wa kwanza kutokea ngazini alikuwa Zisis, ana kitambaa cha mezani shingoni.

"Mimi niliweka B," alisema.

"Najua."

"Nimeshakabidhi. Cheti nimepata." Aliitazama karatasi nyekundu, akamtazama Gourzis, akanyoosha mkono. "Lete kalamu."

"Hapana. Pima kwanza."

"Evanthia, nakuamini."

"Sitaki uniamini. Pima."

Akampa kalipa. Zisis alipiga goti kwa shida, akalalamikia magoti yake, akaibana nondo ya tatu, ambayo Evanthia hakuwa ameigusa. Aliisoma. Akaifungua kalipa, akaibana tena, akaisoma upya. Mzaha ulimtoka usoni.

"Kumi na mbili na nusu."

"Hiyo ni mbaya kuliko zangu," alisema Evanthia, akampa kalamu.